Mlango wa Chumvi na Sukari
Mazungumzo ya kamati ya afya ya chama, siku ya kuadhimisha miaka kumi, Lukole





Kamati ya afya siku zote hupewa dakika za mwisho kabla ya chakula, watu wakiwa na njaa na macho yote yako kwenye masufuria. Safari hii tumepangwa kabla ya risala ya mweka hazina, nasi tumeipokea kama heshima. Tutajitahidi tusiwachoshe.

Wengi wenu mlitegemea tuzungumzie vyoo, kuchemsha maji na kunawa mikono. Hayo tumeyasema miaka yote kumi na tutaendelea kuyasema mpaka mtuchoke. Lakini leo tumeona tuzungumzie kitu kimoja kidogo mno, kisichoonekana kwa macho, kilichomo ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu hapa, kuanzia mgeni rasmi hadi mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake pale nyuma.

Kwa nini tumekichagua? Ni kwa sababu ya daftari la mfuko wa jamii. Mnalifahamu, lile lenye jalada la buluu. Ukifungua kurasa za mwanzo, miaka ile chama kikiwa na wanachama wachache na sanduku halina uzito, utaona fedha nyingi zilitoka kwa sababu moja: mtoto anaharisha, mtoto amepelekwa zahanati, mtoto ametundikiwa maji. Ukifungua kurasa za karibuni utaona maneno mengine. Nauli ya kwenda kupima sukari. Dawa ya sukari. Kidonda cha mguu kisichopona. Daftari ni lile lile, ila magonjwa ni mawili, na ukiyatazama kwa haraka utasema hayana undugu hata kidogo. Moja ni la mtoto aliyekauka maji, jingine ni la mtu mzima, mara nyingi mnene, mwenye nafasi kidogo. Sisi tunasema undugu upo. Magonjwa haya yote mawili yanapita kwenye mlango mmoja.

Sasa tukisema kwamba mlango huo ni protini, wengine mtafikiri maharage na dagaa. Ni kweli, hizo ni protini za kula. Lakini mwili ukishakula protini huivunjavunja, kisha hujijengea protini zake wenyewe, za kufanyia kazi mbalimbali, kama vile fundi anavyopasua gogo moja akatengeneza mlango, kiti na mpini wa jembe. Ndani ya utumbo mwembamba, kwenye vinyweleo vidogo sana vinavyoguswa na chakula, mwili umepanga protini ambayo kazi yake ni kuingiza sukari. Wataalamu huiita SGLT1. Jina halina utamu, tunajua. Hapa tutaiita mlango.

Huu mlango una tabia yake, na wanachama wa chama cha akiba mtaielewa kwa haraka kuliko watu wengine. Sanduku letu lina kufuli tatu. Wenye funguo ni watatu, na wanatoka kaya tatu tofauti. Akikosekana mmoja, hata kama kuna msiba, sanduku halifunguki. Basi na mlango huu nao unataka funguo tatu: chembe mbili za sodiamu, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya chumvi ya mezani, na chembe moja ya glukosi, ambayo ndiyo sukari ya mwili. Chumvi mbili na sukari moja zikikaa mahali pake, mlango unageuka na kuziingiza zote tatu kwa pamoja. Sukari ikija peke yake, inangoja. Chumvi ikija peke yake, nayo kwa mlango huu inangoja.

Na nguvu ya kuusukuma mlango inatoka wapi? Inatoka kwenye chumvi. Upande wa ndani wa ukuta wa utumbo, mwili unafanya kazi usiku na mchana kuiondoa sodiamu ili ibaki kidogo. Kwa hiyo sodiamu ya nje inataka kuingia, kama maji yanavyotaka kuteremka mlima. Inapoteremka, inaivuta sukari nayo. Zikishaingia, maji yanazifuata. Hapo, akina mama, ndipo penye siri yote. Popote chumvi na sukari zinapokwenda, maji huenda.

Aliyetoa wazo hili kwa mara ya kwanza ni mwanasayansi wa Kimarekani aitwaye Robert Crane, mwaka 1960, kwenye mkutano wa wataalamu uliofanyika Prague. Mwaka 1987 kundi la Ernest Wright, nalo la Marekani, likafaulu kupata maelekezo ambayo mwili huyatumia kuijenga protini hiyo. Katikati ya miaka hiyo miwili kulitokea jambo ambalo sisi watu wa Lukole tunapaswa kulifahamu kuliko hata hao wataalamu, kwa sababu lilitokea kwenye kambi ya wakimbizi.

Ilikuwa mwaka 1971, vita vya Bangladesh. Mamilioni ya watu walivuka mpaka kuingia India, na kipindupindu kikaingia pamoja nao. Mahali panapoitwa Bongaon daktari mmoja wa Kihindi, Dilip Mahalanabis, alikuta wagonjwa wamelala sakafuni na maji ya kutundika yanakwisha. Hapakuwa na namna. Alijua kuwa miaka mitatu kabla, huko Dhaka, wenzake walikuwa wameonyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kunyweshwa maji yenye glukosi na chumvi na akapona. Lakini ilikuwa hospitalini, chini ya uangalizi mkali. Kuwapa watu kambini, tena wakinyweshwa na ndugu zao badala ya wauguzi, madaktari wengi waliona ni mchezo wa hatari. Yeye akachanganya: kwa kila lita ya maji, glukosi gramu 22, chumvi ya mezani gramu 3.5 na magadi ya kuokea mikate gramu 2.5. Mchanganyiko ukawekwa kwenye mapipa yenye bomba, na ndugu wa wagonjwa wakaambiwa wachote wanyweshe. Kabla ya hapo kambini walikuwa wanakufa kama wagonjwa 30 katika kila 100. Kwa wale aliowahudumia yeye walikufa chini ya 4 katika 100. Daktari huyo alifariki mwaka 2022, na tunadhani watu wengi waliookolewa na kazi yake hawajapata kulisikia jina lake.

Angalieni ni nani waliofanya kazi pale. Ni mama, shangazi, dada mkubwa, mwenye kikombe na kijiko. Hiyo dawa iliyoshusha vifo namna ile haikuhitaji sindano. Ilihitaji mtu wa kukaa na mgonjwa usiku kucha.

Na kwa nini ilifanya kazi hata kwa kipindupindu, ugonjwa ambao mtu huharisha maji kama ya kuoshea mchele mpaka macho yanazama? Kwa sababu sumu ya kipindupindu inafungulia maji ya mwili yatoke nje, lakini mlango wetu hauuvunji. Mtoto anaharisha ndoo nzima, na huku mlango wa chumvi na sukari bado mzima, unangoja funguo zake. Ukimpa maji matupu, mengi yanapitiliza. Ukimpa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, yanaingia. Bado ataendelea kuharisha kwa muda, na hapo ndipo mama wengine hukata tamaa na kusema eti ORS haifai kwa sababu haijazuia kuhara. Jamani, ORS haina kazi ya kuziba. Kazi yake ni kurudisha maji yanayotoka, ili mtoto awe hai siku ugonjwa utakapokwisha wenyewe.

Turudi kwetu. Baadhi yetu hapa tulikuwa wasichana wadogo mwishoni mwa Aprili 1994, wakati watu zaidi ya 200,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Wilaya ya Ngara haijawahi kuona kitu cha namna hiyo. Benaco ikageuka mji kabla hatujajua nini kinatokea. Wengine wetu tuliuza ndizi na kuni pale, wengine tulichota maji foleni moja na wageni. Wanyarwanda walipoondoka Desemba 1996, Lukole iliendelea kuwa kambi ya ndugu zetu Warundi mpaka ilipofungwa mwaka 2008. Kwa hiyo mtu asije akatufundisha habari za kambi kana kwamba tumezisoma kwenye gazeti.

Lakini Julai ya mwaka ule ule 1994, huko Goma, Zaire ya wakati ule, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wakimbizi walifika wengi mno mahali penye mawe ya volkano, ambapo huwezi kuchimba choo wala kisima kwa urahisi. Kipindupindu kikaingia, baadaye kuhara damu. Katika mwezi mmoja zilikusanywa maiti karibu 50,000. Wataalamu kutoka Bangladesh waliokwenda kusaidia waliandika mwaka uliofuata sababu za vifo hivyo kuwa vingi hata ndani ya vituo vya matibabu. Waliandika kwamba wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, kwamba maji ya kunywesha hayakutumika inavyotakiwa, kwamba maji mengine ya kutundika hayakuwa ya aina inayofaa, na kwamba wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa kipindupindu. Maarifa ya Bongaon yalikuwa na umri wa miaka 23 wakati huo. Sisi tukisoma hayo tunasikia uchungu, hatuwezi kuficha.

Na ili msidhani kwamba hakuna kinachobadilika: mwezi Mei 2015, Warundi waliokimbilia Kagunga, kule mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, walipatwa na kipindupindu. Waliugua zaidi ya watu 3,000 katika wiki chache. Waliokufa walikuwa kama 30. Ni wengi kwa mama aliyefiwa, lakini si Goma. Miezi mitatu baadaye ugonjwa ukaanza Dar es Salaam na kusambaa nchini hadi mwaka 2018, wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo zaidi ya 500. Kwa hiyo kipindupindu si habari ya wakimbizi tu. Ni habari ya maji machafu, popote yalipo.

Sasa tuje kwenye kipimo, maana hapa ndipo mambo huharibika. Pakiti ya ORS inayotolewa zahanati ni ya lita moja ya maji safi, isiwe nusu lita wala chupa ya soda. Fungua yote, mwaga kwenye lita moja, koroga. Ndani yake mna glukosi gramu 13.5 na chumvi za aina tatu. Kama pakiti haipo na usiku umeingia, tumia lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Onja. Isiwe na chumvi kuzidi machozi. Maji ya mchele au uji mwepesi wenye chumvi kidogo nao unafaa, kwa sababu wanga ukifika tumboni hugeuka glukosi. Bibi zetu waliokuwa wakitunywesha maji ya mchele hawakusikia habari za Prague, lakini mlango walikuwa wanaufungua. Mtoto aendelee kunyonya. Na zahanati waombeni vidonge vya zinki, ambavyo mtoto hupewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama ameacha kuharisha siku ya tatu.

Je, sukari ikizidi kwenye maji hayo? Hapa tunaomba msikilize vizuri. Milango ina kasi yake. Sukari ikiwa nyingi kuliko inavyoweza kupita, inayobaki nje huvuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni, na mtoto anaharisha zaidi. Soda nyingi za kola zina sukari gramu 10 na zaidi katika kila mililita 100, yaani zaidi ya gramu 100 kwa lita. Linganisheni na gramu 13.5 za ORS. Na chumvi ndani ya soda karibu hakuna. Basi mama anapomkimbilia muuza duka akaambiwa, mpe soda hii iliyotolewa gesi, itamrudishia nguvu, anampa mtoto sukari karibu mara nane ya inayotakiwa na anamnyima zile funguo mbili za chumvi. Mwenzetu mmoja ambaye tuko naye hapa, kabla hajaingia kwenye chama, alipewa ushauri huo dukani. Ametupa ruhusa tuseme hilo tu, na sisi hatutaongeza.

Mpaka hapo mlango ni rafiki. Sasa tugeuze ukurasa wa daftari.

Ugali wa muhogo, ndizi, viazi, wali, mandazi, chai yenye vijiko vitano, juisi, soda: wanga wa vyote hivi hugeuka glukosi, na glukosi hiyo yote inaingia mwilini kwa mlango ule ule tuliousifu. Sukari ya dukani nusu yake ni glukosi, na nusu ya pili ni sukari ya matunda ambayo hupita mlango mwingine. Ikishaingia kwenye damu, kongosho hutoa homoni ya insulini ili sukari ipokelewe na misuli, ini na mafuta. Hata kutoa taarifa kwa kongosho kunaanzia hapo hapo utumboni. Mlango ukipitisha sukari, chembe za jirani hutuma homoni nyingine, mojawapo inaitwa GLP-1, kuiambia kongosho kwamba mzigo unakuja, jiandae. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani waliandika habari za panya waliozaliwa bila mlango huu. Sukari iliwashinda kuiingiza, na tarifa ile ya homoni nayo ilipungua sana. Kwa hiyo mlango una kazi mbili, unapitisha mzigo na unapiga kengele.

Ubaya wake ni mmoja. Mlango huu haujui kusema basi. Uliumbwa kwa ajili ya watu waliokula kidogo na kwa shida, ambao kila punje ya sukari ilikuwa mali. Mtu akila sukari nyingi, utumbo haufungi milango. Kwa wanyama waliochunguzwa, chakula chenye wanga mwingi kiliufanya utumbo uongeze milango. Na mwaka 2002 watafiti wa Uingereza waliochukua vipande vidogo vya utumbo wa wagonjwa wa kisukari walikuta milango mara tatu hadi nne ya ile ya watu wasio na ugonjwa huo. Yaani mtu ambaye damu yake tayari imefurika sukari ndiye mwenye milango mingi ya kuiingiza. Hebu fikirini chama ambacho mkopaji aliyeshindwa kurejesha ndiye anayeongezewa mkopo kila Jumatano. Kingedumu miaka kumi?

Utafiti mwingine wa Marekani, uliotolewa mwaka 2018, uliangalia watu waliozaliwa na mlango mzito kidogo, usiopitisha sukari kwa wepesi. Saa mbili baada ya kunywa maji ya glukosi, sukari yao ya damu ilikuwa chini kuliko ya wenzao, na kwa miaka mingi waliyofuatiliwa walikuwa na unene na kisukari kwa kiasi kidogo zaidi. Hatusemi mtu aombe azaliwe upya. Tunasema kasi ya sukari kuingia ni jambo lenye uzito.

Wapo pia watoto wachache sana duniani, wanahesabika kwa mamia tu, ambao mlango wao haufanyi kazi kabisa. Wanaharisha tangu siku za kwanza za maisha, kila wanaponyonya, kwa sababu sukari ya maziwa haiwezi kuingia, na ORS ya kawaida haiwasaidii. Wanahitaji maziwa maalumu yenye sukari ya matunda. Tumetaja hilo kwa ajili ya kuonyesha umuhimu wa mlango. Asije mama hapa akaacha kumnyonyesha mtoto kwa sababu ameharisha. Maziwa ya mama yanabaki kuwa ya kwanza.

Wataalamu wa madawa nao hawakulala. Mwaka 1835 ilipatikana kwenye gamba la mti wa tofaa dawa chungu iliyokuja kujulikana kwamba inaziba milango ya namna hii, ya utumbo na ya figo. Kutokana nayo vimetengenezwa vidonge ambavyo kazi yake kubwa ni kuziba mlango wa figo, ndugu wa huu wetu, ili sukari itoke kwa njia ya mkojo. Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Bei yake kwa mfuko wa jamii ni mazungumzo ya siku nyingine. Mgonjwa atumie dawa aliyoandikiwa, asiache kwa sababu jirani amemletea majani.

Je, kisukari kimetufikia kweli au tunatishana? Miaka ya 1980 madaktari walipopima watu katika vijiji sita vya Tanzania, waliandika mwaka 1989 kwamba wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, mjini na vijijini, ulikuta karibu 9 katika kila 100. Vipimo na umri wa waliopimwa havikuwa sawasawa, kwa hiyo si haki kuweka namba hizo mbili kwenye mizani moja na kumaliza maneno. Lakini hata ukipunguza, mlima unabaki mlima. Watu wa zamani walikula wanga mwingi kama sisi. Tofauti ni kwamba walitembea hadi shamba na kurudi na mzigo kichwani, na misuli iliichoma ile sukari. Na walikula ndizi na maharage chungu kimoja. Maharage huchelewesha wanga, sukari inafika mlangoni kidogo kidogo. Soda haina kitu cha kuichelewesha. Inafika yote kwa mpigo.

Hapo tunafikia jambo lililotufanya tuombe nafasi hii. Wanachama mnajua kwamba kila kikao cha mgao na kila sherehe, soda ni lazima. Mgeni asipopewa soda anahesabu amedharauliwa. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, vijiko vidogo visivyopungua vinane. Tunao wenzetu ndani ya chama waliokwisha ambiwa na daktari wana sukari. Mmoja wao kikao kilichopita aliiweka chupa chini ya kiti bila kuifungua, na nyuma yake yakasemwa maneno, eti anajidai, amekuwa wa mjini. Yule mama hajidai. Anajua hesabu ya miguu yake. Haiwezekani mfuko wa jamii ulipe nauli ya kwenda kutibu kisukari, na mfuko wa sherehe uwanunulie wagonjwa hao hao gramu 35 kila mmoja.

Kamati inapendekeza mambo haya, na tunaomba yaingie kwenye muhtasari wa kikao cha mwezi ujao yapigiwe kura. Fedha ya soda ya vikao vya kawaida ihamie mfuko wa jamii, na mezani pawepo maji yaliyochemshwa, chai ambayo kila mtu atajitilia sukari mwenyewe, na karanga. Sherehe kubwa kama ya leo, soda iwepo kwa anayetaka, ila asiyetaka asiulizwe. Sehemu ya fedha hiyo inunue pakiti za ORS na zinki, zikae kwa wenye funguo watatu wa sanduku, kila mmoja na akiba yake, ili usiku wowote mama ajue mlango wa kugonga. Na mara mbili kwa mwaka tumwombe mhudumu wa zahanati aje na kipimo cha sukari, wapimwe wote waliotimiza miaka 40, pamoja na waume zetu. Hao waume ndio wanaojificha zaidi.

Kuna swali tuliloulizwa njiani wakati tunakuja, na ni zuri: mwenye kisukari akiharisha, anywe ORS au asinywe? Anywe. Kukauka maji kunaua upesi kuliko sukari iliyomo kwenye pakiti moja. Ila apelekwe kituo cha afya mapema, apimwe, na aulize kuhusu dawa zake za kila siku kama aendelee nazo au azisimamishe kwa muda.

Meza yetu iko pale chini ya mwembe. Tumeweka ndoo ya maji ya kuchemsha, chupa ya lita moja iliyowekwa alama, vijiko, sukari na chumvi. Tunaomba kila mmoja akipita achanganye mwenyewe kikombe chake na aonje, hasa akina baba na wasichana, kwa sababu siku mama akiwa ndiye mgonjwa ni wao watakaoshika kijiko. Mwenye swali la siri atukute huko baada ya risala ya mweka hazina.